Tegame si Kikaango: Juu ya Tafsiri ya Vyombo vya Jikoni

Mwaka juzi mwanafunzi mmoja wa darasa langu la tafsiri alileta hadithi fupi ya Kitaliani ambayo aliifasiri kwa Kiswahili kutoka katika Kiingereza. Hadithi yenyewe si mashuhuri, wala sitaitaja jina, kwa kuwa lililonishughulisha ni chombo kimoja tu kilichomo ndani yake. Mama wa shamba anarudi nyumbani jioni, anapika, kisha anatua chakula mezani katika chombo kile kile alichopikia, na watoto wanachovya mkate. Katika Kiingereza chombo hicho kiliitwa "frying pan", na mwanafunzi wangu, asiyekuwa na kosa lolote, aliandika "kikaango". Tulikaa saa nzima tukijadiliana tabia ya mama yule. Mmoja alisema kuwa ni mwanamke aliyechoka hata hana nguvu ya kupakua. Wa pili alisema kuwa huo ni ufukara, nyumba haina sahani. Wa tatu, mwenye ulimi mkali, alisema kuwa ni uvivu mtupu. Mimi nami, mwalimu wao, nilichangia: niliona katika kikaango kile alama ya nyumba iliyopotewa na adabu zake. Usiku ule nilitafuta maandishi ya asili. Neno lililokuwamo ni "tegame".

Sasa tegame ni chombo kipana chenye kina kifupi, cha udongo au cha madini, na badala ya mpini mrefu kina masikio mawili. Kwa sababu ya masikio hayo hubebwa kwa mikono miwili, kikatolewa motoni na kutuliwa mezani, wala hapana Mtaliani atakayeona ajabu kukila chakula humo. Ni desturi ya nyumba iliyo katika hali yake ya kila siku. "Frying pan" ya Kiingereza ina mpini mmoja na mbavu zilizolala nje, na mahali pake ni juu ya jiko. Kuileta mezani ni kuonyesha haraka au uhaba. Kwa hiyo saa nzima ya uhakiki wetu ilijengwa juu ya chombo ambacho katika nyumba ile hakikuwamo.

Mfasiri wa Kiingereza aliteleza wapi? Nadhani aliteleza mahali ambapo wengi wetu huteleza, yaani katika kamusi ndogo. Ukitafuta "tegame" katika kamusi za mfukoni za Kitaliani na Kiingereza, utajibiwa "pan", na pengine "frying pan". Jibu si uongo, ni uvivu. Kitaliani kina jamaa kubwa ya vyombo vya motoni, na kila mmoja katika jamaa hiyo ana kazi yake: "pentola" ni ya kina kirefu, ya kuchemshia; "padella" ni ya kukaangia; "casseruola" ni ya mbavu zilizosimama wima, ya michuzi na mapishi ya polepole; "teglia" ni bapa, ya tanuri; na huyu tegame. Kiingereza cha kila siku huwaweka wengi wao chini ya jina moja la "pan", kisha hutofautisha kwa neno la kutangulia.

Ndugu mmoja tu katika jamaa hii huvuka mpaka bila taabu, naye ni padella. Padella ndiyo "frying pan" yenyewe, na ushahidi uko katika methali za mataifa yote mawili: Mtaliani huanguka kutoka padella akaingia katika makaa, na Mwingereza huruka kutoka "frying pan" akaingia motoni. (Sisi tuliruka majivu tukakanyaga moto, bila ya kuhitaji chombo chochote.) Methali mbili zikishuhudia kitu kimoja, mfasiri aweza kulala usingizi.

Asilale, hata hivyo, akifika kwa casseruola, maana hapa ndipo penye mtego mkubwa kuliko yote. Waingereza wanalo neno "casserole", na sikio husema kuwa haya ni mapacha. Yote mawili yalitoka Ufaransa. Lakini neno hili likiwa mikononi mwa Waingereza lilihama nyumba mara mbili. Kwanza lilitoka juu ya jiko likaingia katika tanuri, likawa jina la chombo kizito chenye kifuniko. Kisha likatoka katika chombo likaingia katika chakula, hata leo Mwingereza asemapo kuwa amekula "casserole" hana maana kuwa amevunja meno. Casseruola ya Kitaliani ilibaki pale pale ilipokuwa: juu ya moto, aghalabu na mpini wake mrefu. Jina lake la haki katika Kiingereza cha kila siku ni "saucepan". Mfasiri anayeandika "casserole" humtuma mpishi kwenye tanuri wakati mwandishi amesimama karibu na jiko akikoroga. Mtego wa namna hii si wa wapishi peke yao. Niliwahi kuona karatasi ya biashara iliyofasiriwa kutoka Kitaliani, ambayo iliwaahidi Waingereza "betri" ya vyombo vinane. Mfasiri alikutana na "batteria", neno ambalo Mtaliani hulitumia pia kwa seti ya masufuria, naye akachukua maana iliyomjia kwanza.

Jambo moja yapasa likumbukwe kabla ya kumlaumu Mwingereza kupita kiasi. Kitaliani chenyewe cha jikoni hakikuwa lugha moja. Pellegrino Artusi, mzaliwa wa Forlimpopoli aliyeishi Florence, alichapisha kitabu chake cha mapishi mwaka 1891 kwa gharama yake mwenyewe, miaka 30 tu baada ya Italia kuwa ufalme mmoja. Maelekezo yalikuwa 475 katika chapa ya kwanza, yakafikia 790 kabla ya kufa kwake mwaka 1911. Artusi alichukizwa na Kifaransa kilichojaa katika vitabu vya wapishi wa zama zake, akajitahidi kuandika kwa lugha ya Toscana ambayo mtu wa nyumbani angeielewa. Yeye huandika "cazzaruola" pale ambapo leo huandikwa casseruola, na kisu cha mviringo cha kukatia majani, ambacho leo ni "mezzaluna", yaani nusu mwezi, yeye hukiita "lunetta", kijimwezi. Tafsiri ya Kiingereza ya Murtha Baca na Stephen Sartarelli ilitoka mwaka 1997. Mfasiri wa kitabu kama hicho anabeba mizigo miwili: kwanza ajue Artusi alishika nini mkononi, ndipo atafute Mwingereza hukiitaje. Ajabu ni kwamba mara nyingi jibu la Kiingereza ni Kifaransa kile kile alichokikimbia Artusi. Mtaliani akisema "bagnomaria", kitabu cha Kiingereza hujibu "bain-marie". Mgeni wa Kitaliani amebisha hodi kwa Mwingereza, na aliyemfungulia mlango ni Mfaransa.

Kazi hii si mpya. John Florio, mwana wa Mtaliani, aliyezaliwa London, alitoa kamusi yake kubwa ya Kitaliani na Kiingereza mwaka 1598. Desturi yake ilikuwa kulijibu neno moja la Kitaliani kwa rundo la maneno ya Kiingereza, kama muuzaji anayemwaga kapu zima mbele ya mnunuzi ili achague mwenyewe. Wataalamu wa siku hizi hutabasamu wakiona wingi huo. Mimi naona kuwa katika mambo ya jikoni Florio alikuwa na busara kuliko kamusi za mfukoni, kwa maana rundo hukiri kuwa neno moja halikutosha, na "pan" moja peke yake haikiri kitu.

Katika zama hizo hizo ulivuka uma. Thomas Coryat, Mwingereza aliyesafiri Italia mwaka 1608 na kuchapisha habari za safari yake mwaka 1611, aliwaona Wataliani wakiishika nyama kwa chombo chenye meno badala ya vidole. Akarudi kwao na desturi hiyo, na rafiki zake wakamfanyia mzaha. Jina la Kitaliani ni "forchetta", udogo wa "forca", ule uma mkubwa wa kupindulia majani makavu shambani. Waingereza walikuwa na neno "fork" tangu kale, nao wakalileta mezani zima zima pasipo kulipunguza. Mtaliani hula kwa kijiuma, na Mwingereza hula kwa uma wa shamba.

Mzaha huu una jambo zito ndani yake. Kitaliani huongeza na kupunguza vitu kwa kugeuza mwisho wa neno: "pentolino", "pentola", "pentolone". Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa sana, kwa sababu sisi hufanya kazi ile ile mwanzoni mwa neno: kikapu na kapu, kisu na jisu, chungu na jungu. Tena katika lugha zote mbili kipimo hakiendi peke yake, huja pamoja na moyo wa msemaji. Jisu si kisu kikubwa tu. Ni kisu kinachoogopwa au kudharauliwa, na "coltellaccio" ya Kitaliani ni hivyo hivyo. Kiingereza cha kila siku hakina mlango huu. Ama kitasema "small" na "large", ambayo ni maneno ya mpimaji, ama kitatafuta jina jingine kabisa: pentolino itakuwa "milk pan", na pentolone itakuwa "stockpot". Lakini kila jina jipya huja na kazi mpya. Pentolino ya bibi mzee katika hadithi yaweza kuwa ya kuchemshia yai moja analokula peke yake jioni. Mwite "milk pan", umemletea maziwa asiyokuwa nayo, na upweke uliokuwa ndani ya udogo ule umemwagika.

Tazama na kijiko. "Cucchiaino" ni cucchiaio kilichopunguzwa, basi. Kiingereza hukiita "teaspoon", jina linalotokana na chai, na hivyo huingiza chai katika nyumba ambayo tangu alfajiri hunywa kahawa. Wala tusicheke kwa sauti. Neno letu "kijiko" lenyewe ni udogo wa mwiko, kama cucchiaino ilivyo udogo wa cucchiaio, na lilitutosha; hata hivyo tumeongeza "cha chai" kwa kufuata Kiingereza. Ama "uova al tegamino", mayai ya kijitegame, Kiingereza huyaita "fried eggs", na chombo kimetoweka. Katika orodha ya hoteli nasema tafsiri hiyo ni sahihi, maana mwenye njaa hataki elimu ya vyombo. Katika hadithi siikubali kabla sijatazama ni nani aliyekishika kijitegame.

Mlango mwingine wa Kitaliani ni majina yanayotungwa kwa kitendo na kitendwa chake. "Scolapasta" ni chuja-tambi, "apriscatole" ni fungua-makopo, "tritacarne" ni saga-nyama. Haya hufasiriwa kwa wepesi, na mara nyingine hutufunulia jinsi mataifa yanavyotazama kitu kimoja kwa macho mbalimbali. "Cavatappi" ni ng'oa-vizibo: Mtaliani ameona kazi. Mwingereza husema "corkscrew": ameona parafujo. Kiswahili, kwa kusema kizibuo, kimekaa upande wa Mtaliani. Lakini wepesi huu nao hudanganya. "Schiacciapatate" ni ponda-viazi, na Mwingereza anacho kiponda-viazi chake, "potato masher", chenye waya zilizopindwa au bamba lenye matundu mwishoni mwa mpini. Neno kwa neno, tafsiri haina doa. Chombo ndicho kisicho chenyewe. Cha Kitaliani ni kibanio cha mikono miwili ambacho husukuma viazi vilivyochemshwa vipite katika vitundu, vikatoka nyuzinyuzi laini, tayari kwa vidonge vinavyoitwa "gnocchi". Mwingereza akitumia chake atapata mabonge, na gnocchi zitakuwa nzito, naye atawalaumu Wataliani. Marekani huita chombo hicho "ricer", kwa sababu kinachotoka hufanana na mchele. Na mtu wa London asiyekizoea aweza kudhani kuwa ni chombo cha wali. Swali la Kiingereza cha kila siku, basi, lina swali jingine nyuma yake: kila siku ya nani? Bibi Marcella Hazan alipochapisha kitabu chake cha kwanza Marekani mwaka 1973, kilihitaji kurekebishwa kabla ya kutoka Uingereza mwaka 1980, na aliyekirekebisha ni Bibi Anna Del Conte, mzaliwa wa Milan. Kiingereza kilifasiriwa kwa Kiingereza, na mkono uliofanya kazi hiyo ulikuwa wa Mtaliani.

Bibi Hazan anastahili kusimamiwa kidogo. Alizaliwa Cesenatico, katika nchi ya tambi za mayai, akaandika kwa Kitaliani, na mumewe Victor ndiye aliyeyaweka maneno yake katika Kiingereza. Sijui mfasiri aliyekuwa na bahati kupita huyo: alikaa meza moja na mwandishi, akala alichokifasiri. Chukua "matterello", mti wa kusukumia unga. Kiingereza kina "rolling pin", na hakuna atakayekulaumu ukiliandika. Lakini pini ya Mwingereza ni fupi na nene, yenye vishikio viwili pembeni, na imezoea kukandamiza. Matterello ya Emilia-Romagna ni fimbo nyembamba isiyo na vishikio, ndefu kadiri ya sentimita 80, na kazi yake ni kuutandaza unga na kuuvuta hadi uwe mwembamba kama kitambaa. Hapo kubadili jina hakufai kitu, kwa maana jina liko sawa na mkono ndio uliopotea. Katika kitabu kile cha 1973 neno la Kiingereza linaachwa litumike, kisha mwendo wa mikono unaelezwa hatua kwa hatua: jinsi ya kuuzungusha unga, jinsi ya kuuviringisha katika fimbo, jinsi viganja vinavyoteleza kutoka katikati kwenda kando. Kurasa hizo mimi naziona kuwa ni tafsiri ya neno moja. Nathubutu kusema kuwa msomaji wa pwani yetu, aliyemwona mama yake akisukuma chapati kwa kifimbo kisicho na vishikio, ataielewa matterello upesi kuliko mtu wa London.

Wako wanaosema kuwa katika shida zote hizi dawa ni kuliacha neno la Kitaliani lilivyo. Bibi Elizabeth David, katika kitabu chake cha chakula cha Kitaliani cha mwaka 1954, mwaka ule ule Uingereza ilipomaliza kugawa chakula kwa kipimo, aliviacha vyakula na majina yake ya asili na kuweka maelezo ya Kiingereza chini yake. Kwa vyakula alifanya vema. Kwa vyombo nakubali mahali pamoja tu, napo ni pale jina lilipo taswira. Huko Abruzzo pana fremu ya mti iliyovutwa nyuzi za chuma. Karatasi ya unga huwekwa juu yake, husukumwa kwa matterello, na tambi huanguka chini zimekatwa mraba. Chombo hicho huitwa "chitarra", gitaa. Ukisema kwa Kiingereza kuwa tambi zimekatwa kwa "guitar", msomaji atacheka mahali ambapo Mtaliani hacheki, maana kwake mzaha wa jina hilo ulikwisha kuchakaa zamani. Nasi twajua jambo hili vizuri sana. Mgeni akiambiwa kuwa nazi imekunwa kwa mbuzi, atamtafuta mnyama. Ndani ya nyumba zetu hakuna amkumbukaye mnyama huyo, ni mbuzi ya kukunia tu. Kufasiri "goat" ni kumfufua; kufasiri "coconut grater" ni kumzika kabisa. Hapo na liachwe jina, lifuatwe na kazi yake katika sentensi ile ile, msomaji asitumwe chini ya ukurasa.

Lakini tegame si taswira. Ni jina kavu la chombo cha kawaida, na kuliacha katika Kitaliani kungemfanya mama yule wa shamba aonekane amebeba kitu cha ajabu, ilhali ukawaida wake ndiyo maana yake yote. Tulirudi darasani na suala hili. Kikaango tulikwisha kukikataa. Bakuli haliwekwi motoni, sinia vivyo hivyo. Chungu peke yake ni kirefu mno, mikono ya watoto isingefika chini. Mwanafunzi aliandika na kufuta mara nne, mwishowe akaweka "chungu kipana cha masikio mawili" mara ya kwanza, na baada ya hapo "chungu kile". Ni maneno mengi kwa neno moja, na Kiingereza nacho kingalihitaji mengi kama hayo. Yule mfasiri wa kwanza aliona afadhali kufanya uchache.

Kisha tuliisoma tena sehemu ile tangu mwanzo. Mama hakuwa mvivu tena, wala nyumba haikuwa na fedheha. Chakula kilitoka motoni kikaenda mezani kama siku zote, na kwa kuwa hapakuwa tena na kikaango cha kutushughulisha, mmoja wao, yule yule mwenye ulimi mkali, aliinua kichwa akauliza jambo ambalo wiki iliyopita hakuna aliyeliona: watoto wote wanachovya mkate, na mama hachovyi.